Tupangieni bajeti ya siku, si ya mwezi

Mhariri,

Njaanuari ikishaingia, redio na magazeti hujaa mawaidha ya bajeti. Mtaalamu hukaribishwa studioni, au hupewa nusu ukurasa, na maneno yake ni yale yale: andika mapato yako ya mwezi, andika matumizi yako ya mwezi, nunua vitu kwa jumla, usikope dukani. Mimi ndiye mwenye duka. Nauza hapa Pipeline, Embakasi, chini ya jengo ambalo vyumba vyake sijawahi kumaliza kuvihesabu, na wateja wangu wengi hawana mapato ya mwezi. Wana mapato ya leo. Naandika kwa sababu mtu wa kibarua akiufuata ushauri huo jinsi ulivyo, tarehe kumi haifiki kabla hajakwama, kisha anaambiwa hana nidhamu.

Nidhamu huja dirishani kwangu kila jioni. Kuna mama mmoja anayepakia bidhaa katika godauni fulani kule Lunga Lunga Road. Analipwa siku kwa siku, na siku ambayo kazi haipo harudi na kitu. Hutembea na wenzake wakikata kupitia Mukuru kwa Njenga, ili nauli ibaki mfukoni. Akifika kwenye wavu wa duka huwa ameshapiga hesabu njiani. Hataji bidhaa kwanza, hutaja pesa: "Mama, leo ni mia mbili." Kisha huagiza kwa mpango usiobadilika. Unga kilo moja, 80. Mafuta ya mbao, yaani ya 20. Nyanya mbili na kitunguu, 30. Sukuma ya 20. Kipande cha sabuni, 20. Hapo imefika 170, na mimi hutulia nikingoja, kwa sababu zile 30 zilizobaki ndizo zenye mjadala. Kama sukari ya jana haikuisha, watoto wawili watapata mandazi ya kumi kumi, na kumi ya mwisho ni majani ya chai. Kama imeisha, basi ni sukari ya mbao na majani, mandazi hakuna. Yule mdogo akiwa amekuja naye, huwa anamtazama mama usoni, hatazami mandazi. Pesa nyingine za siku hiyo ziko mfuko wa ndani, nami sijawahi kuziona zikitoka mbele ya wavu wangu, hata jioni ambayo mtoto alilia.

Mama huyo hana daftari wala programu ya simu. Ukimwambia aandike mapato ya mwezi atakuuliza mwezi gani, maana wa mvua si sawa na wa jua. Lakini bajeti anayo, na anaishika kuliko wengi wanaofundisha.

Sasa nije kwenye hili la kununua kwa jumla, kwa sababu hapa ndipo wataalamu wanapojiamini zaidi na ndipo mimi ninapoona wamechungulia nusu ya duka. Ni kweli kwamba kununua kidogo kidogo kuna gharama. Kwangu kilo ya sukari ni 150 na robo ni 40, kwa hiyo aliyenunua robo nne ameacha shilingi kumi kwangu bila sababu. Majani ya chai ya pakiti za shilingi kumi ni mabaya zaidi, na sabuni ya unga ya vipakiti ndiyo inayonipa faida kuliko kitu kingine chochote kwenye rafu ile. Naisema wazi, najua wateja wangu watasoma. Kama una nafasi ya kununua kitu kimoja kikubwa, anza na sabuni. Haiozi, haiombwi na jirani, na hakuna anayeitafuna usiku.

Lakini mafuta ya kupikia ni hadithi nyingine. Mafuta ninayopima kwa kikombe hutoka kwenye mtungi wa lita 20 ninaoununua kwa muuzaji wa jumla. Ukizijumlisha zile mbao zako hadi zifike lita moja, utakuta umelipa pungufu ya chupa ya lita moja yenye jina kubwa ubavuni. Yaani mtu wa kupimiwa ndiye aliyenunua kwa jumla, ila mtungi unakaa kwangu badala ya kukaa uvunguni mwa kitanda chake.

Halafu kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye hesabu. Mafuta yakiwa mengi nyumbani, mkono wa mpishi huwa mwepesi. Sukari ikiwa kilo mbili, chai huwa tamu hadi mgeni anashangaa. Mwenye mafuta ya mbao hupika na mafuta ya mbao, hana namna. Nimewaona vijana wawili wa chumba kimoja wakinunua vitu vya mwezi mzima supamaketi siku walipolipwa kazi ya mkataba, wakapita mbele yangu na mifuko, wananipungia mkono. Kabla mwezi haujafika katikati walikuwa dirishani wakiomba robo ya sukari. Hawakuwa wapumbavu. Kitu kikiwa machoni kinaliwa, na chumba cha futi kumi kwa kumi hakina mahali pa kuficha kitu.

La mwisho juu ya hili: bela moja ya unga, pakiti kumi na mbili za kilo mbili, ni karibu elfu mbili. Mtu wa kibarua akizipata elfu mbili kwa pamoja akazifanya unga, tarehe tano keateka, yaani msimamizi wa jengo, akibisha mlango atampa nini? Pesa ikishakuwa unga hailipi kodi. Mwenye mshahara hajui wasiwasi huo kwa sababu elfu mbili nyingine zinakuja.

Binti yangu aliye chuoni alinionyesha kwenye simu ile kanuni ya 50/30/20: nusu ya pato iende kwa mahitaji, asilimia 30 kwa unavyovitamani, asilimia 20 akiba na madeni. Ilisambazwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren pamoja na bintiye, wakati huo Warren akiwa profesa wa sheria Harvard, kabla hajawa seneta. Kwa familia ya Marekani yenye mshahara sina ubishi nayo. Tukaketi tukaijaribu kwa mtu wa mkono kwenye mjengo, yaani kibarua wa ujenzi, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, ambaye hesabu zake nazijua kwa sababu nusu yake zinapita kwangu. Kwa siku anapata 700. Mwezi ukiwa mzuri atapata kazi siku 22, hiyo ni 15,400. Kodi ya chumba ni 5,000. Chakula cha watu wanne kwa 200 kwa siku ni 6,000. Maji ya mitungi 600, stima 500. Tayari ni 12,100, zaidi ya robo tatu ya pato, na hajanunua sabuni, hajalipa chochote shuleni, hajatuma kitu ushago kwa mamake, na kazini anakwenda kwa miguu. Kanuni inampa 4,620 za matamanio. Binti yangu alicheka, nami nikacheka, ingawa yule jirani angekuwepo sidhani angecheka.

Sasa ni kitu gani hasa kinachovunja bajeti ya mtu huyu? Si unga. Nimekaa nyuma ya wavu huu miaka mingi na sijaona familia ikianguka kwa sababu ya unga. Chakula mtu hujirekebisha siku ile ile: leo mia mbili, kesho mia na hamsini, kesho kutwa githeri ya jana. Bei pia hazingojei mwisho wa mwezi ili ziheshimu daftari la mtu. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta taa tarehe 14, katikati kabisa ya mwezi, na nauli hufuata. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya unga ya kilo mbili iliyokuwa imepita shilingi 200 ilitangazwa kuwa 100, na baada ya uchaguzi ruzuku ikaondolewa. Mwenye bajeti ya siku aliamka akabadilisha mpango asubuhi ile ile.

Kinachovunja ni vitu vikubwa vinavyodaiwa kwa mkupuo. Kodi, kufikia tarehe tano. Shule kufunguliwa, mara tatu kwa mwaka. Gesi kuisha, ambako huja usiku na wageni wakiwa ndani. Bima ya afya nayo: tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kuhisi alitoa mkononi, lakini asiye na mwajiri alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mpigo mmoja kwa mtu anayelipwa 700 kwa siku. Wengi walijiandikisha wakaishia hapo. Mwaka 2025 ndipo ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kulipa kidogo kidogo. Mtu yeyote mwenye duka angewaambia hivyo siku ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wateja, nao nautoa bure pamoja na chenji, ni kwamba kila kitu kikubwa kivunjwe kiwe cha siku. Kodi ya 5,000 isiwe kodi ya mwezi. Kwa mtu wa siku 22 za kazi ni kama 230 kwa siku ya kazi, nayo ilipwe kabla ya unga. Ndiyo, kabla ya unga. Hapo akina mama huniangalia kama mwendawazimu, lakini chakula kinaweza kupungua na kodi haiwezi, na kinachoweza kupungua ndicho kingoje.

Iwekwe wapi? Hapa ndipo kazi ilipo, maana pesa mfukoni na pesa kwenye laini ile ile unayolipia matatu ni kitu kimoja. Wengine huwa na laini ya pili ambayo haina nambari ya mtu yeyote na haijawashwa huduma ya kukopa. Kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna ada, kwa hiyo mtu hujitumia mia mia jioni. Ubaya uko kwenye kutoa. Ukitoa 150 kwa ajenti unakatwa 29, na ukitoa 2,500 unakatwa 29 hiyo hiyo. Anayetoa kidogo kidogo kila siku analipa ada kuliko mwenye duka anavyoweza kumpandishia sukari, na hilo sijasikia mtaalamu akilikemea. Usitoe. Lipa kodi moja kwa moja kutoka kwenye simu.

Wengine huweka kwangu. Daftari langu lina pande mbili. Mbele ni deni, na ukiligeuza, nyuma ni akiba: jina, mlango, tarehe, kiasi, na sahihi ya mwenyewe au kidole. Fundi wa viatu wa pale kona ya Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018 lakini stendi jina haikubadilika) huniachia mia kila jioni na amenikataza nisimpe kabla ya tarehe mbili hata akija na machozi. Amekuja na machozi. Sikumpa. Tulinuniana wiki nzima, na tarehe mbili akachukua zote akaenda kumlipa keateka bila kunisalimia, kisha jioni akaleta mia ya mwezi mpya.

Akina mama wengi hupendelea chama, kuchanga pamoja na kupokea kwa zamu. Ya kwetu ni mia kwa siku, na tulipopanga zamu hatukupiga kura. Tuliulizana nani ana mtoto wa sekondari, nani kodi yake hudaiwa robo mwaka, nani anataka mtungi wa gesi, tukaweka zamu zao wiki zinapohitajika. Kura ni nzuri kwa zawadi. Pesa ya karo ikikufikia Machi wakati shule ilifunguliwa Januari, itaishia kwenye kochi.

Kuhusu deni. "Usikope dukani," wanasema, na hata mimi nina kibao pale juu cha "Leo pesa, kesho mkopo", alichonichorea kijana mmoja ambaye mwenyewe yumo kwenye daftari. Lakini tuwe wakweli. Mvua za masika zikishika, mjengo husimama siku tatu nne mfululizo, na siku hizo hizo nauli hupanda maana matatu na mvua ni marafiki. Familia itakula nini? Iko mlango wangu na iko simu. Mkopo wa simu wa kuvuka salio hutoza ada ya asilimia moja ukichukua, kisha ada ya kila siku hadi ulipe, na pesa ya kwanza kuingia kwenye laini inakatwa kabla hujaiona. Ile pesa ilikuwa ya kodi? Simu haiulizi. Mimi naandika unga 80, na wiki ijayo unalipa 80. Sitozi riba kwa sababu nikitoza utahamia duka la ng'ambo, na pia kwa sababu najua unakofanya kazi na mvua inayokunyeshea ndiyo inayonyeshea paa langu.

Ila nina masharti, na nadhani ndiyo yanayolifanya deni la duka kuwa sehemu ya bajeti badala ya kuwa adui yake. Sipitishi matumizi ya siku tatu. Naandika chakula, sabuni, mafuta taa na dawa ya kichwa. Siandiki sigara, siandiki kadi za simu, na mtu akiniomba mkopo wa kubeti namrudishia salamu. Watoto siwapi vitu kwa deni bila mzazi kuja mwenyewe, kwa maana nimeona mandazi mengi yakiandikwa kwa jina la baba asiyejua. Anayelipa nusu namwandikia nusu na kumshukuru. Anayepita upande wa pili wa barabara, naye namwona.

Stima nayo inahitaji neno. Tangu viwango vya Aprili 2023, nyumba inayotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi hulipia bei ya chini kwa kila yuniti. Wapangaji wa juu ya duka langu, wenye balbu mbili, redio na chaja, hawafiki huko kamwe. Lakini katika majengo mengi ya huku mita ni moja kwa vyumba kadhaa, na kwa pamoja wanavuka 30, wanavuka 100 pia, wanalipa bei ya wenye friji na hita. Hapo mpangaji anaweza kuzima balbu mapema mpaka achoke, hataingia daraja lake. Kama unatafuta nyumba, uliza habari ya mita kabla ya kuuliza habari ya rangi ya ukuta.

Sikubaliani pia na wale wanaotaka bajeti ikauke kabisa. Mzee mmoja hapa, bawabu wa usiku, hununua soda kila Ijumaa na kuinywa akiwa amesimama pale pale dirishani, polepole, akinisomea vichwa vya habari vya gazeti lako ambalo halinunui. Mwanawe alimwambia aache hiyo soda, kwa mwaka ni pesa nyingi. Sawa, ni nyingi. Lakini naona walioondoa kila kitu kitamu ndio wanaopasuka siku moja wakatumia elfu tatu kwa usiku mmoja. Soda ya Ijumaa imo kwenye bajeti ya mzee, ina siku yake na bei yake. Kubeti sikuweki humo, kwa sababu hakuna bei yake.

Michango ya matanga na harusi ndiyo iliyonishinda kuipangia. Kundi la WhatsApp likishaundwa umekwisha. Ninachowaambia wateja ni kwamba wakubaliane na jamaa zao kiasi kidogo kinachojulikana, hamsini au mia, na asiyetoa zaidi asionewe haya. Ukoo mmoja hapa umefanya hivyo na bado wanazika watu wao kwa heshima.

Msidhani haya ni ya watu wa kibarua peke yao. Nina mteja mwalimu. Mshahara wake ukiingia tayari umeshanyofolewa kodi ya mapato, NSSF ya akiba ya uzeeni, SHA, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na mkopo wa Sacco, na kinachobaki hukitumia kwa raha hadi tarehe kumi na tano. Kuanzia ishirini yumo kwenye daftari langu, ukurasa mmoja na mtu wa mjengo. Nilimwambia ajilipe kibarua: akishatoa kodi ya nyumba na karo, kinachobaki akigawe kwa siku za mwezi, na kila asubuhi ahamishe ya siku moja tu kwenye laini anayotembea nayo. Alisema ni mambo ya kitoto. Mkewe alilichukua wazo, na sasa mkewe ndiye anayemlipa.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwako. Ukurasa wenu wa bei za soko hutuambia gunia la mahindi na debe la viazi. Tuwekeeni pia gorogoro, robo na kipimo cha mbao, kwa Pipeline, Kayole, Kawangware na Githurai, ili mtu wa robo ajue akipunjwa. Mimi sitachukia. Na mtaalamu akija Januari ijayo, mwombeni apange bajeti moja ya mtu wa 700 kwa siku, siku 22 mwezi mzuri na 14 mwezi wa mvua. Tutaisoma kwa sauti hapa dirishani.

La pili ni kwa wenye nyumba. Kubalini kodi ya kila wiki. Najua mtasema ni usumbufu, mpangaji atalipa wiki mbili na kutoroka ya tatu. Lakini anayetoroka na deni la wiki moja amewapunja kidogo kuliko anayetoroka na la mwezi, na yule mnayemfungia mlango kwa kufuli tarehe sita huwa alikuwa na hiyo pesa tarehe ishirini. Ilipita tu mikononi mwake bila mahali pa kwenda. Mwenye jengo mmoja mtaani kwetu ameanza kupokea kila Jumamosi, kwa wanaotaka. Hakuongeza mfanyakazi wala daftari. Keateka yuko langoni kila siku hata hivyo, na namba ya kulipia imebandikwa ukutani pale karibu na tangi la maji.

Mama Duka,
Pipeline, Embakasi,
Nairobi